Niliipima Kasulu kwa kamba yenye mafundo

Kamba ni ya katani, mita 15, niliinunua Kariakoo. Usiku mmoja nilikaa nayo sebuleni kwetu Kimara, nikapiga fundo kila baada ya nusu mita, na mwisho wake nikafunga nati kubwa ya lori ambayo baba watoto aliniletea kutoka gereji. Mwanangu wa mwisho akauliza, "Mama, hiyo ya kufungia mbuzi?" Nikamwambia hapana, ya kupimia kisima. Mbuzi watafuata, kisima kikikubali.

Nyumbani tuko watu 6: mimi, mume wangu na watoto 4. Mimi ni mhasibu wa duka la vifaa vya ujenzi, mwenzangu ni fundi magari. Mwaka wa 3 huu tunaweka akiba kwa nia moja tu: kuhamia kijijini na kuishi kwa tunacholima na kufuga wenyewe. Pesa tuitafute kwa yale ambayo shamba haliwezi kutoa, yaani ada, dawa, mabati na sukari. Mama yangu ni Muha wa Kasulu. Aliondoka kwao kwa treni akiwa msichana na hakurudi tena kuishi, lakini alitulea kwa ugali wa muhogo na kisamvu kilichoungwa kwa mawese, na kila mgeni aliyetoka Kigoma alifika kwetu na kidumu cha mawese kilichofungwa mfuko wa nailoni mara tatu kisivuje. Kwa hiyo tulipoanza kuulizana twende wapi, kuhusu mkoa hatukubishana. Tulibishana kuhusu wilaya.

Kigoma ina wilaya 6: Kigoma yenyewe, Uvinza, Kasulu, Buhigwe, Kibondo na Kakonko. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu humo watu 2,470,967, na ukipita milimani Buhigwe utadhani nusu yao wako pale. Nilichagua wilaya 3 za kutembelea, Uvinza, Buhigwe na Kasulu, nikagawa likizo yangu mara mbili: siku 12 Septemba 2024, siku 9 Januari 2025.

Mjomba alinisihi niende Mei. "Njoo uone nchi ikiwa imenona," alisema kwenye simu. Nilimshukuru lakini sikumfuata. Mei kila kilima cha Kigoma kinapendeza. Mvua zimenyesha tangu Oktoba au Novemba, mabonde yana maji, ng'ombe wana manyoya yanayong'aa, na hata shamba bovu limefunikwa na majani. Septemba ardhi haina cha kujifunikia. Imekaa miezi minne bila mvua ya maana, na chemchemi inayotoka wakati huo ndiyo chemchemi. Januari niliichagua kwa ajili ya ghala. Mahindi ya mwaka uliopita yamekwisha au yanakwisha, ya mwaka huu bado mabichi shambani, na bei ya debe sokoni imepanda. Ukiingia jikoni kwa mtu mwezi huo utajua eneo lile linawalisha watu wake au linawaazima tu.

Nilikwenda kwa basi, njia ya Tabora. Tulipopita Urambo nilimwamsha kijana aliyekaa kiti cha pembeni nikamwonyesha, kwa sababu jambo hili huwa linanigusa. Mwaka 1946 Waingereza walituma wataalamu kuja kutazama Tanganyika kama inafaa kwa karanga. Walikaa wiki 9 na sehemu kubwa waliitazama kutoka ndegeni. Wakachagua Kongwa, Urambo na Nachingwea, wakaleta matrekta. Udongo wa Kongwa ulipokauka ukawa mgumu kama sakafu, karanga zikashindwa kung'olewa, na mvua haikuja kama ilivyoandikwa kwenye ripoti. Mwaka 1951 mradi ulifutwa, pauni milioni 36 zikiwa zimeteketea. Mimi nilikuwa na siku 12 na akiba ya familia moja. Nilijiambia nisiangalie kitu chochote kutoka mbali kuliko urefu wa mkono wangu.

Uvinza niliimaliza haraka. Upande wa Nguruka ardhi ni tele, ukisimama unaona miombo mpaka macho yachoke, kuni za kutosha, asali, mpunga kwenye mbuga. Kwa akiba yetu tungeweza kupata hata ekari 20. Lakini asubuhi ya kwanza niliumwa na mbung'o mara 5 kabla ya saa 4, na mwenyeji wangu akaniomba nivue sweta nyeusi kwa sababu mdudu yule hupenda rangi nyeusi na ya bluu. Nikamuuliza ng'ombe wake wanaishije. Akanionyesha mabaki ya dawa za sindano kwenye kopo, akataja ni wangapi waliobaki. Mkojo wa ng'ombe na samadi ndivyo vilivyokuwa mbolea yangu kwenye daftari, kwa hiyo hesabu nzima ya shamba ilibadilika hapo hapo.

Na huko huko ndiko nilikopoteza pesa. Dalali mmoja, ambaye simtaji yeye wala kijiji chake, alinipeleka kwenye pori zuri sana karibu na kijito, akasema mwenyewe anauza haraka ana mgonjwa. Nikatoa shilingi 150,000 za kushika nafasi. Kesho yake nilipokwenda ofisi ya kijiji kujitambulisha, niliona ukutani ramani ya mpango wa matumizi bora ya ardhi, imepakwa rangi: njano makazi, kahawia mashamba, kijani hifadhi ya msitu wa kijiji. Mtendaji akaweka kidole pale nilipokuwa nimesimama jana yake. Kijani. Hakuna mtu wa kuuza pale. Na hata pasingekuwa msitu, sehemu kubwa ya kile kipande ilikuwa ndani ya mita 60 kutoka kwenye kijito, ambamo Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu. Simu ya dalali haikupatikana tena. Pesa ile iliniuma kwa sababu najua ilivyopatikana, najua ni breki ngapi za daladala mume wangu alizifunga. Tangu siku hiyo, nikifika kijiji chochote naanza na ukuta wa ofisi ndipo niende shambani.

Buhigwe sitaisahau. Panda kutoka Kasulu kuelekea Manyovu na utaona nguo zako hazitoshi. Ni baridi, ukungu asubuhi, kahawa chini ya migomba, maharage kila mahali penye udongo. Nilipima chemchemi moja chini ya kilima kwa dumu la lita 20 na saa ya simu: ilijaza kwa sekunde 32, Septemba. Nilirudia mara tatu kwa sababu sikuamini. Kinamama waliokuwa pale walinisubiri kwa subira, mmoja akaniuliza kama natoka idara ya maji. Nikamwambia ninatafuta pa kuishi. Akanijibu, "Maji yapo, mwanangu. Pa kuishi ndipo hapapo."

Nilielewa maneno yake siku mbili baadaye. Kila shamba nililoonyeshwa lilikuwa robo ekari hapa, nusu ekari kilima cha pili, kipande kingine mtoni, vyote vya familia moja, vimegawanywa kwa wajukuu mpaka vimekuwa kama shuka za watoto. Kukusanya ekari 3 ningelazimika kununua kwa watu 7 na kuwaondoa watu 7 kwenye chakula chao. Sikuja Kigoma kwa ajili hiyo. Miinuko nayo ni mikali. Pasipo makinga maji, mvua moja ya Desemba inabeba udongo wa juu wote, nawe unabaki na mawe. Jambo jingine la kumwambia anayefikiria huko: uko mpakani na Burundi, basi beba kitambulisho chako cha taifa na barua ya utambulisho. Viongozi wa vijiji watakuuliza wewe ni nani na una ndugu gani, na wana haki ya kuuliza.

Pale pale mzee mmoja alinifundisha kitu kuhusu migomba ambacho nimekiandika ukurasa mzima. Alikata ndizi moja changa katikati akanionyesha ndani: badala ya nyeupe, ilikuwa na rangi ya kutu, kama msumari uliokaa mvuani. Akakata shina, akasubiri kidogo, yakachuruzika majimaji ya njano mazito. Mnyauko. Hauna dawa. Mgomba ule ulikuwa umekufa wakati bado una majani mabichi. Akanionyesha anavyozuia: mkungu ukishamaliza kutoa vichane, analivunja lile ua la dume kwa kijiti chenye panda, si kwa panga, kwa sababu wadudu wanaotembelea ua ndio wanaobeba ugonjwa, na panga ndilo linalohamisha kutoka shina hadi shina. Panga lake lenyewe analipitisha motoni kila anapotoka mgomba mmoja kwenda mwingine. Nilimtazama akifanya hivyo migomba 6 mfululizo, moto wa majani makavu miguuni pake, bila haraka. Nikajua kwamba mtu asiyeweza kuwa na subira ya namna ile asipande mgomba.

Kasulu niliiacha mwisho kwa makusudi, kwa kuwa niliogopa kuipenda kabla ya kuipima.

Mjomba anaishi saa moja hivi kwa pikipiki kutoka mjini. Alinipokea kwa "Mwakeye", nikajibu vile mama alivyonifundisha, na shangazi zangu wakacheka kwa furaha. Jioni mjomba akanipeleka nyuma ya nyumba akanyoosha fimbo. "Kuanzia mnyaa ule, ushuke mpaka mwembe ule mkubwa, urudi mpaka njia ya mifugo. Yote haya ya babu yako." Kifua kilinijaa. Ekari 9 au 10 kwa macho yangu. Lakini ndani yake kulikuwa na nyumba 4 za matofali ya kuchoma, mihogo ya watu, choo cha watu, kaburi lenye msalaba ambalo halikuwa la kwetu.

Wakati wa Operesheni Vijiji, mwanzoni mwa miaka ya 1970, Waha waliokuwa wamesambaa milimani walikusanywa kwenye vijiji kando ya barabara. Kijiji hiki kilipangwa juu ya shamba la babu. Alibakiwa na kipande, ndicho anachokaa mjomba, na kingine kikakatwa kwa kamba wakapewa waliotoka juu. Mjomba bado anaamini kuwa siku moja kitarudi. Usiku ule nilisoma kwenye simu Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya mwaka 1999, kifungu cha 15: ugawaji wa ardhi uliofanywa kati ya tarehe 1 Januari 1970 na tarehe 31 Desemba 1977 kwa ajili ya vijiji umethibitishwa kuwa halali, na haki za kimila za waliokuwepo kabla yake zimekoma. Nilizima simu nikalala macho yakiwa wazi. Nilikuwa nimekuja nikidhani mahali hapa pananisubiri. Kumbe nilipaswa kuomba kama mgeni mwingine yeyote.

Asubuhi nilimwambia mjomba, kwa upole, kwamba sitaomba hata hatua moja ya ardhi ile. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Basi twende ukamsalimie bibi wa kisimani."

Bibi huyo alikuja pale na mtoto mgongoni mwaka ule ule wa kukusanywa. Kisima kiko uani kwake, kimejengewa tofali mpaka kiunoni, kina mfuniko wa bati. Nilimweleza kamba yangu. Aliishika, akahesabu mafundo machache kwa kidole gumba, akaniuliza nani alinifundisha. Nikateremsha nati. Kamba ilipita mkononi fundo kwa fundo, na kwenye fundo la 19 nikasikia ule mlio mdogo wa maji. Nikaachia tena mpaka ikalegea: fundo la 21. Mita 10 na nusu mpaka chini, na ndani yake mita moja tu ya maji. Septemba. Bibi akasema kila mwaka kinafika hapo, kinateremka taratibu, lakini hakijawahi kukauka tangu kichimbwe. Nikamuuliza walijuaje pa kuchimba. Akanitazama kama ninayejua tayari.

"Babu yako ndiye aliyetuonyesha. Tulikuwa tumetupwa hapa hatujui kitu. Alikuja na fimbo akasema, chimbeni hapa, mahali pengine mtachoka bure."

Nikaiviringisha kamba polepole kwa sababu sikutaka waone machozi.

Siku zilizobaki nilifanya kazi ya kihasibu. Chemchemi ya kijiji, iliyoko bondeni, ilijaza dumu la lita 20 kwa sekunde 100. Hiyo ni lita 12 kwa dakika, 720 kwa saa, na kama watu wanachota saa 12 kwa siku ni lita 8,640. Mwenyekiti wa kitongoji alinitajia kaya 70 zinazotegemea pale. Gawanya: lita 123 kwa kaya. Sisi watu 6, kwa lita 20 kila mmoja, tunahitaji 120. Yaani tungetosheka kwa kunywa, kupika na kuoga, na mbuzi asingepata hata kikombe. Na tungekuwa kaya ya 71. Juu ya chemchemi hiyo mtu amepanda mikaratusi, miti inayokunywa maji kama ng'ombe, na nililisema hilo waziwazi mbele ya mwenyekiti.

Kwa hiyo paa ndilo litakalotubeba. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ya bati ni lita moja. Nyumba tuliyochora ni mita 8 kwa 9, mita za mraba 72. Hata nikihesabu mvua ya milimita 900 tu kwa mwaka, ambayo kwa Kasulu ni kujibana, ni lita 64,800. Nikitoa moja ya tano kwa ajili ya yanayomwagika na yale ya kwanza ya kusafisha vumbi, inabaki lita 51,840. Kiangazi cha siku 150 kwa lita 120 kinataka lita 18,000. Maji ya kututosha yanaanguka juu ya paa, tatizo ni pa kuyaweka. Niliuliza bei ya matangi ya plastiki Kasulu mjini, nikatoka dukani na uamuzi wa kujenga tangi la matofali na saruji, nusu yake chini ya ardhi, kwa awamu mbili. Kisima kitakuwa cha mifugo na bustani.

Udongo niliupima kwa chupa ya jemu. Weka udongo nusu, jaza maji, tikisa sana, acha ukae usiku. Mchanga unatua ndani ya dakika moja, tope laini linafuata, mfinyanzi unachelewa, na asubuhi unaona tabaka kama za keki. Nilifanya sehemu 5. Upande wa juu wa kijiji, ambako halmashauri ya kijiji ilisema bado kuna ardhi ya kugawa, tabaka la mfinyanzi lilikuwa karibu theluthi, na juu ya maji zilielea chembe nyeusi za mboji, chache. Udongo mwekundu, uliochoka kidogo, wenye uchachu. Unataka samadi na kupumzishwa kwa kunde. Si bora kama wa Buhigwe, lakini upo kipande kimoja, na mwinuko wake mtu mzima anaupanda akiongea.

Januari nilirudi na nikaenda moja kwa moja majikoni.

Kwa mjomba kihenge cha mahindi kilikuwa na sakafu inayoonekana. Lakini hakuna aliyelala njaa, na sababu ni muhogo. Umekaa ardhini, hauhitaji ghala, unang'oa unapotaka. Shina kwa mita moja kila upande, ekari moja inabeba shina 4,000 hivi, na mbegu nzuri inakupa kuanzia miezi 9 mpaka mwaka na nusu. Unachotakiwa ni kukagua mbegu: ukikata kiazi ukakuta mistari ya kahawia ndani, huo ni ugonjwa wa michirizi, usichukue pingili hata kama amekupa ndugu. Maharage ya msimu wa kwanza yalikuwa yanavunwa wiki ile ile, na ya pili yangepandwa Februari hadi Machi. Misimu miwili ya maharage kwa mwaka, hicho ndicho kilichonifanya nipige mstari chini ya jina la Kasulu. Hesabu yetu ni gunia 8 za mahindi, gunia 2 za maharage, ekari moja ya muhogo, migomba 40, viazi vitamu kwenye matuta. Nimehesabu mavuno ya mwaka mbaya, gunia 5 za mahindi kwa ekari, si yale ya mwaka mzuri ambayo kila mtu hukusimulia. Ekari 4 zinatosha kwa shida, zinatosha.

Kuku niliwakuta wachache. Shangazi alikuwa na banda la kuku 30, walibaki 4; kideri kilipita Oktoba. Chanjo yake ni tone moja la jicho kila baada ya miezi 3, na kijijini hakuna aliyekuwa ameileta. Hilo ni jambo ninaloweza kulifanya kabla hata hatujahamia, na nimeshamwachia shangazi pesa ya chupa ya kwanza.

Mafuta hatutajitegemea. Mchikichi unataka joto la mwambao wa ziwa, kwetu juu hauzai vile. Nitapanda alizeti, lakini mawese yatatoka chini kwa kubadilishana na maharage, kama watu wa huku walivyofanya siku zote. Dagaa hali kadhalika. Mwaka 2024 Ziwa Tanganyika lilifungwa kwa uvuvi kuanzia Mei 15 hadi Agosti 15 ili samaki wazaliane, na shangazi alinisimulia miezi ile 3 kitoweo kilivyokuwa cha shida mpaka huku. Nakubaliana na kulifunga ziwa. Ila nimeandika: bwawa dogo la samaki, au kunde zaidi. Chumvi inatoka Uvinza, ambako watu wamekuwa wakiichemsha kwa zaidi ya miaka 1,000, na hiyo nitainunua kwa moyo mkunjufu.

Kuna mambo ambayo hesabu haikuyamaliza. Mtoto wetu wa 3 ana pumu. Kutoka kwenye kipande tulichoomba mpaka zahanati ni dakika 50 kwa miguu, nimetembea mwenyewe na saa mkononi, na zahanati haina dawa yake ya kuvuta kila wakati. Hospitali iko mjini. Umeme wa gridi ulifika Kasulu Oktoba 2022, kabla yake mji uliishi kwa jenereta, lakini nguzo zimeishia barabarani. Tutaanza na sola ndogo, na pikipiki itakuwa mali ya kwanza kununuliwa, kabla ya ng'ombe. Mume wangu alitaka ng'ombe kwanza. Tumezungumza mpaka usiku wa manane mara kadhaa na amekubali kwa ajili ya mtoto.

Barua ya maombi niliiandika kwa mkono, ikaenda halmashauri ya kijiji, na mwezi Machi mkutano mkuu wa kijiji ukaijadili. Nilisafiri siku 2 kwenda kusimama mbele yao kwa dakika 10. Waliniuliza mume wangu yuko wapi, nikasema yuko kazini na jina litakaloandikwa ni la wote wawili. Mzee mmoja akasema mtoto wa binti hana ardhi kwa Waha. Kabla sijajibu, bibi wa kisimani alisimama. Alikuwa mmoja wa wanawake 3 kwenye baraza la ardhi la kijiji, nami sikujua. Akasema, "Huyu alikuja Septemba, akaona hatuna maji, na bado akarudi Januari." Akakaa. Wakapiga kura kwa kunyoosha mikono. Ekari 4, na sharti la kuanza kuziendeleza ndani ya mwaka.

Kisima chetu kitachimbwa Septemba hii. Bibi amekataa katakata kisichimbwe mapema. Anasema kisima cha Mei ni muongo, fundi atakutana na maji mita 5 atadai ujira wake, na Agosti utabaki na shimo. Ameshaweka jiwe mahali pa kuchimba. Kamba nimemwachia. Kila tarehe mosi anaishusha kisimani kwake na mjukuu wake ananitumia namba kwa simu, nami naiandika kwenye daftari. Januari nilipopima mwenyewe ilikuwa fundo la 12. Machi fundo la 10, Mei la 9, Juni la 11. Jana usiku, nikiwa naosha vyombo, simu ikaita ndani ya mfuko wa aproni: "Bibi anasema leo 14, na anauliza mbuzi mnaleta wangapi."